Utupu Kati ya Kolwezi na Kisenge

Kazi yangu ni kufufua moteri zilizoungua. Watu wa Kolwezi huniletea moteri za pampu, za vinu vya kusaga mahindi, za mashine za kupuliza hewa mashimoni, zote nyeusi na zinanuka kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Nazifungua, natoa nyaya zilizokufa, nasuka nyaya mpya za shaba, mzunguko juu ya mzunguko, hadi vidole vinakufa ganzi. Baba yangu ndiye aliyenifundisha. Hata leo bado wako wanaume wanaochungulia mlangoni, wananiona nimeinamia meza, halafu wanauliza, "Mama, mwenye kazi eko wapi?" Nawaambia mwenye kazi ametoka, kaeni mumngoje. Wengine wamengoja hadi saa sita ya mchana.

Sasa, kama hujawahi kuona ndani ya moteri, acha nikueleze jambo moja tu, halafu sitakusumbua tena. Mna vyuma viwili. Kimoja ni kama pipa lililozungushiwa nyaya kwa ndani, nacho kimetulia. Kingine kimekaa katikati ya pipa, nacho ndicho kinachozunguka. Havigusani hata kidogo. Kati yao mna mwanya mwembamba, pengine hata ukucha haupiti. Mna hewa tu, na hata ukiiondoa hiyo hewa ukaacha utupu mtupu, moteri itazunguka vilevile. Nguvu yote inayosaga mahindi ya mtaa mzima inavuka hapo, mahali pasipo na kitu. Siku vyuma viwili vikigusana, basi, moshi, na mimi napata mteja.

Jambo hilo lilinisumbua tangu nikiwa msichana. Nilimuuliza baba: nguvu inapita juu ya nini, kama hapo hapana kitu? Akajibu, "Inapita. Shika kazi." Nikashika kazi, lakini swali halikuniachia. Sikusoma sana, niliishia sekondari nikaolewa, ila telefone zilipokuja na mambo yote ya dunia ndani yake, nilianza kusoma fizike kwa Kifaransa jioni, kidogo kidogo, neno moja leo na lingine kesho. Nikagundua kwamba mwanya wa moteri ni kitu kidogo sana. Huu waya wa shaba ninaoushika, nao karibu wote ni utupu. Kila chembe yake ukiikuza iwe kubwa kama uwanja wa mpira, kiini chake kitakuwa kama punje ya mtama iliyodondoka katikati ya uwanja. Kinachobaki ni nafasi tu. Na shaba yenyewe, wanasema wenye kujua, haikuzaliwa katika udongo wetu. Ilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kabla jua letu halijawaka. Kwa hiyo yule kijana anayetoka shimoni na gunia mgongoni amebeba nyota iliyokufa, na hajui, na ukimwambia anakutazama vibaya.

Mimi niliwaambia. Niliwaambia wateja wote. "Kila kitu kimeshikana," nilisema. "Mwezi unavuta bahari toka mbali kule, na kati yake na bahari hakuna kamba. Wewe na nyota ni ndugu." Walinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, halafu wakauliza, "Njo vile, mama. Na moteri iko tayari?"

Mama yangu naye alisikiliza. Anakaa kwangu tangu baba alipofariki, na ana maoni juu ya utupu ambayo hayakutoka katika telefone. Kolwezi, watu wanachimba madini hadi chini ya vitanda vyao, na mama akienda kutembelea jirani hukanyaga sakafu kwanza, pu, pu, pu, kwa kisigino, ndipo akae. Sakafu ikiitika kama ngoma, anasema amekumbuka ana chungu motoni na anarudi nyumbani. Siku nilipomweleza kwamba hata kiti anachokalia karibu chote ni utupu, aliinuka, akakitazama, akakaa tena. "Mi pia tumbo yangu iko utupu," akasema. "Leta bukari." Bukari ndiyo ugali wetu.

Mama ni pacha. Kwetu, upande wa kaskazini ya Katanga, tunawaita mapasa, na tunasema ni watoto wa mwezi. Mwezi mpya ukionekana, mama wa mapasa alikuwa anawatoa nje na kuwapaka pemba, ule udongo mweupe, na watu wanaimba nyimbo za matusi ambazo siku nyingine wangechapwa kwa kuziimba. Bibi yangu aliwafanyia hivyo mama na dada yake. Bibi alipokufa, wakaendelea wenyewe. Mama yangu alikaa Kolwezi. Dada yake, mama mudogo, aliolewa Kisenge, kule kwenye mgodi wa manganese, akazaa huko na kuwa mjane huko. Tunamwita mama mudogo kwa sababu alitoka wa pili, na hadi leo anadai alitoka wa pili kwa sababu alipigwa teke.

Basi kila mwezi mpya, jua likishazama, mama yangu anatoka nyuma ya karakana. Anafanya ishara ya msalaba kwanza, maana ni Mkatoliki na anapenda kila upande upate haki yake. Anajipaka pemba kwenye mikono. Halafu anautafuta ule mwezi mwembamba upande wa magharibi, na akiupata anapiga makofi na kuutukana vizuri, na baada ya mwezi anamtukana dada yake, kwa sauti, kwa sababu Kisenge iko magharibi hukohuko na dada yake naye wakati huo amesimama nje. Kiisha wanapigiana telefone kuulizana kama wameuona. Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi na mwimbaji wa besi katika kwaya ya Waprotestanti, hufunga dirisha.

Siku moja nilimkosoa mama, kwa sababu siwezi kuona mtu anakosea nikanyamaza. Nilimwambia, "Mama, mama mudogo naye anatazama magharibi. Kwa hiyo unasalimia mugongo wake."

"Mugongo yake naijua," akasema. "Tulikaaka mugongo kwa mugongo miezi kenda."

Haya, sasa nifike kwenye kosa langu. Mama alitimiza miaka sabini. Parokia ilimfanyia misa ya shukrani, na mimi nilitaka aingie kanisani akiwa amevaa kitu cha kuwatoa watu macho. Sokoni nikaona kikwembe, yaani kitenge, cha buluu chenye ndege wa manjano wanaotazamana, na moyo wangu ukasema ni hiki. Viwili vya namna ile vilikuwa vimebaki. Muuzaji, mama mmoja wa kwetu kaskazini anayeijua familia yetu, aliniuliza, "Natia yote mbili?" Nikasema kimoja.

Huwezi kuwapa mapasa kitu kimoja. Jambo hili kwetu hata mtoto anayenyonya analijua. Ukimpa mmoja ndizi, mkono wa pili unyooke na ndizi ya mwingine. Ukimchapa mmoja, umguse na mwingine kwa fimbo, hata kama analala. Na mume wangu, Mprotestanti yule mwenye kufunga madirisha, aliponiona narudi na kifurushi kimoja aliniuliza kwa upole, "Na ya mama mudogo?" Nikamjibu kwa jeuri ya mtu aliyesoma kurasa mbili. Nikamwambia mambo hayo ni ya watoto wadogo, hawa ni wazee wa miaka sabini. Nikamwambia Kisenge ni mbali, kati yetu na Kisenge kuna pori na mito na hewa, na kikwembe cha Kolwezi hakina mkia wa kufika huko. Hakucheka. Akasema, "Kumbe nyota tu ndizo zimeshikana." Nilimkasirikia kwa sababu hiyo siku mbili nzima.

Mama alifikiri cha dada yake kimeshatumwa. Hakuniuliza hata, kwa sababu nani angefikiri kuuliza? Fundi alimshonea, akavaa, akapendeza, nikampiga foto mbele ya kanisa na kuituma Kisenge kwenye telefone ya mjukuu wa mama mudogo. Jioni tukapata sauti ya mama mudogo. Tuliisikiliza mezani, wote tukitabasamu, hadi ilipofika katikati.

"Dada, batu baliniambia umependeza sana. Pongezi kwa siku yako ya kuzaliwa. Kumbe ulizaliwaka peke yako. Mi sikujua."

Basi. Hapakuwa na neno lingine. Mama alinigeukia. "Yake iko wapi?" Nikaanza kusema habari za umbali na pori. Akanyanyua mkono nikanyamaza. Akaingia chumbani, akatoka amevaa kitenge chake cha shambani, na kile cha buluu kimekunjwa vizuri. Akakiweka juu ya meza yangu ya kazi, katikati ya nyaya.

Mama mudogo hakupokea telefone tena. Ilikuwa inalia, inalia, halafu mjukuu anaandika: bibi amelala, bibi ameenda shamba, bibi anaumwa kichwa. Mwezi mpya ukafika na mama hakutoka nje. Mwingine ukafika, nikamwona amekaa kitandani na pemba mkononi, hakujipaka. Bukari aliigusa tu na kuirudisha. Nguo zilianza kumpwaya. Mimi nilijua anaogopa nini, maana alilisema mara moja tu na hakulirudia: kwetu pacha akienda kaburini na kinyongo, hakawii kurudi kumchukua mwenzake, na kama hakurudi, aliyebaki ataishi nusu. Walikuwa na miaka sabini. Muda wa kununa haukuwa mwingi.

Niliona haya, nisifiche. Mchana nilikuwa nasuka moteri na machozi yananidondoka juu ya shaba, na machozi na shaba havipatani, kwa hiyo nikawa najikasirikia mara mbili. Nilirudi sokoni. Kile kikwembe cha pili kilikuwa kimeshakwenda. Yule muuzaji akanikumbusha alivyoniuliza, akanionyesha kingine, buluu karibu na ile, na kuku badala ya ndege. Nilikileta nyumbani. Mama hakukifungua hata.

"Ndege na kuku njo kitu kimoja?" akauliza. "Lete makasi."

"Ya nini, mama?"

"Tukate ile yangu. Lazima ikuwe hii hii. Ashike hii yenyewe."

Vazi lile lilikuwa na vipande viwili vya kujifunga na blauzi. Kipande kimoja kwake, kimoja kwa dada yake, hilo lilikuwa rahisi. Blauzi tuliifumua mshono kwa mshono, mama akivuta uzi na mimi nikikata kwa makasi yangu ya kukatia zile karatasi za kuzuia umeme ndani ya moteri, na kutoka humo tukapata vitambaa viwili vya kichwa. Fundi aliyeishona alipopita na kuona kazi yake ya wiki mbili imelala chini vipande vipande, alishika ukuta. Mama alivipima vitambaa kimoja juu ya kingine. Kimoja kilizidi kidole, akakikata. Halafu akaniambia, "Weye njo ulikosea. Weye njo utaenda."

Aliyewakosea mapasa haendi mikono mitupu, wala hapeleki kitu kimoja. Niliondoka Kolwezi na kuku wawili, sabuni mbili, pakiti mbili za chumvi, chupa mbili za mafuta ya kula, na mfuko wenye cha buluu. Lori lilikuwa limejaa saruji na watu. Tulikuwa hatujatoka mjini vizuri mama mmoja aliyekaa juu ya mfuko akaanza kuvitazama vitu vyangu. Akahesabu kwa macho. Kuku wawili. Sabuni mbili. Akamgusa jirani yake kwa kiwiko.

"Mama," akaniambia, "ulikosea mapasa?"

Lori zima likageuka. Nikasema ndiyo, nifiche nini tena. Ebu! Walinicheka toka hapo hadi tulipolala, na asubuhi wakaendelea pale walipoachia. Walitaka kujua nilifanya nini, nikawaambia, na hakuna aliyenihurumia. Mzee mmoja Mlunda wa kutoka upande wa Musumba, ambaye kwao mambo ya mapasa yana mpango mwingine, aliuliza, "Na ulisomaka, weye?" Nikasema nilisoma kidogo. "Inaonekana," akasema. Walianza kuimba zile nyimbo za matusi, wanaume kwa wanawake, na dereva akipiga honi mahali pa kuitikia. Kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi nami nikacheka hadi nikashika mbavu.

Lakini baadaye walilala, na mimi nikabaki natazama pori. Lilipita pori, likapita pori. Nilikuwa nimeuita umbali huu utupu, na hapa nilikuwa nimekaa ndani yake, na kila mtu ndani yake alijua kosa langu bila kuambiwa. Niliwaza kwamba mwaka mzima nimewahubiria watu mambo ya mwezi na bahari, na kumbe sikuamini hata neno moja. Nilifikiri mambo hayo ni kweli kwa vitu vikubwa tu. Dada wawili wa miaka sabini sikuwatia katika hesabu.

Mwishoni nilipanda pikipiki, mimi na kuku wangu, nikafika Kisenge mchana wa siku ya mwezi mpya. Mbingu ilikuwa nzito. Mama mudogo alikuwa kizingitini anabangua karanga, peke yake, na uso wake ni uso wa mama yangu uleule. Nilipiga magoti kwenye vumbi, nikapiga makofi mara tatu ya heshima.

"Ni nani?" akauliza.

Nikasema moyoni, kweli amekasirika, anajifanya hanijui. "Ni mi, mama. Mutoto wa dada yako."

"Mi sina dada. Ulifwata nini?"

"Nilifwata kuomba musamaha."

Alibangua karanga tatu zaidi. "Leta," akasema, na kunyoosha mkono. Nilimpa vya buluu. Hakuvitazama. Alivipeleka puani akanusa, halafu akaanza kuvipitisha kati ya vidole, pindo kwa pindo, polepole, hadi akafika mahali kwenye kitambaa palipokuwa na alama ya mshono uliofumuliwa. Akasimama hapo. Akarudi nyuma, akapasoma tena kwa kidole gumba.

"Hii ilikuwaka blauzi," akasema. "Aliikata?"

"Aliikata, mama. Alisema lazima ushike hii yenyewe."

"Ndege iko rangi gani?"

"Manjano."

"Inatazama wapi?"

Nilitaka kusema, si uangalie mwenyewe, mama? Ndipo nikainua uso na kumtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu nifike. Yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Yalitazama kando kidogo ya pale nilipokuwa.

"Zinatazamana," nikasema. Nikavuta kamasi.

Alisikia. Wasioona husikia kila kitu. "Usilie," akasema, "unatia kuku woga." Halafu akanieleza, bila hasira, akiendelea na karanga zake. Macho yalikuwa yamefunga tangu mvua tatu, yaani miaka mitatu. Hakumwambia dada yake, kwa sababu dada yake angekufa na mawazo. Mwezi mpya ulipofika mjukuu alimwambia uko wapi, naye aligeuka huko na kuutukana kama kawaida, na akampigia dada yake kusema ameuona. "Lakini yeye, dada yangu, nitamuonaka namna gani?" akasema. "Mi namuonaka kwa mikono. Akivaa kitu, ya mi inakuja, nashika. Njo amevaa hii. Njo eko hivi. Ile siku balinisomea foto: dada yako eko na buluu, muzuri kabisa. Nikasema, leteni yangu nishike. Bakanyamaza."

Nilikuwa nimedhani ni wivu wa vikongwe juu ya nguo. Nilimwomba msamaha tena, safari hii nikijua naomba nini, na akaniwekea mkono kichwani, mkono wa karanga, akanisukuma kidogo kama unavyosukuma mbuzi. Nikamwambia Kolwezi kuna daktari anayepasua macho kama hayo na watu wanaona. "Atapasua," akasema. "Mi sikatae. Kwanza dada. Na weye apa: usimuambie. Hata neno." Nikaapa.

Mjukuu aliporudi na maji tulimpeleka mama mudogo kwenye kilima cha udongo mweusi uliotupwa na mgodi zamani, maana ndipo mawimbi ya simu yanaposhika vizuri. Alikuwa amejifunga cha buluu na kitambaa kichwani, pemba hadi kwenye viwiko. Jua lilikuwa limezama, au tulikisia hivyo, kwa sababu mbingu yote ilikuwa wingu moja la kijivu toka ukingo hadi ukingo. "Mwezi uko wapi?" akaninong'oneza. Nikamwambia kweli: haupo, mama, ni mawingu tu. Akatikisa kichwa. Nikapiga kwenye simu ya mume wangu na kusikia akiikimbiza kwa mama.

Nilisikia pumzi ya mama yangu upande ule, na hapa pumzi ya dada yake, zote mbili zikienda sawasawa.

"Weye," mama mudogo akaanza, "miguu kama ya korongo!"

"Na yako?" mama akajibu palepale, kama aliyekuwa amelishika neno hilo mdomoni miezi miwili. "Si tulipewa na mama mumoja?"

Wee! Matusi yaliyofuata siyaandiki, kuna watoto wanaosoma. Mjukuu alijifunika uso kwa kitenge. Walitukanana hadi wakaishiwa pumzi, halafu wakacheka, kicheko kilekile kimoja kinatoka kwenye simu na kinatoka kando yangu, nikawa sijui nisikilize upande upi. Nilifurahi hadi nikataka kumkumbatia mtu, nikamkumbatia mjukuu.

"Nimeishika," mama mudogo akasema mwishoni. "Iko muzuri. Ulipendeza."

"Na weye umependeza."

"Mwezi, umeuona?"

"Nimeuona," mama akasema. "Na weye?"

"Mi pia nimeuona. Mwembamba."

"Mwembamba kabisa," mama akasema.

Niliyatazama mawingu ya Kisenge nikanyamaza kama nilivyoapa. Niliwaza angalau mmoja wao ameuona kweli, kwetu Kolwezi.

Nilifika nyumbani baada ya siku tatu, vumbi hadi kwenye kope. Mume wangu alinipa chai, akanieleza kwamba mama sasa anakula bukari hadi yake yeye haitoshi, na kwamba ile jioni ya simu alipata kazi kubwa, maana mvua ilikuwa inamwagika toka saa tisa, mbingu nyeusi, na mama alikataa kuingia ndani. Alisimama naye chini ya ukingo wa bati, akimshikia mwavuli, Mprotestanti mzima.

Niliweka kikombe chini nikaenda nyuma ya karakana. Mama alikuwa anachagua maharage, amejifunga cha buluu.

"Mama, ile siku ya telefone, hapa kulikuwa mvua."

"Mubaya sana," akasema.

"Na ulisema umeuona mwezi."

Alitupa harage bovu kando. "Dada yangu hana macho tangu mvua tatu," akasema. "Unafikiri mi sijue? Ananiambiaka mwezi uko muzuri hata siku yenye haujatoka."

Nilikumbuka kiapo changu nikauma ulimi. Mwishowe nikamuuliza tu, "Sasa mama, weye uliona mwezi gani?"

"Ule wenye yeye aliona," akasema.